Doa Chini ya Bawa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na balaa langu limeanza nayo. Shangazi ameniita ofisini kwake, akafunga mlango, nikajua nimekosa jambo. Kumbe sikuwa nimekosa. Alitaka kuniambia kwamba ndege yake inaingia kwenye ukaguzi wa mwaka, na kwamba mwaka huu hataki kuletewa bili ya kumtoa machozi.

Afadhali nieleze. Shangazi ni dada yake marehemu Baba. Anauza dawa za mifugo: duka moja liko hapa ofisini, na mengine mawili yako kule ambako barabara hukatika kila msimu wa mvua. Ndege ndogo ya viti vinne aliachiwa na marehemu mumewe, na anairusha mwenyewe. Mimi ni karani wake, bado niko kwenye miezi ya majaribio. Nina cheti kizuri na tumbo baya: nikiogopa linanguruma mbele za watu.

"Ukaguzi wenyewe haupunguzwi," alisema. "Fundi lazima aone kila kitu. Lakini fundi wa ndege analipwa kwa saa, na saa zake nyingi zinaishia kwenye kufungua skrubu na kupekua makaratasi. Skrubu hata wewe utafungua, yeye akisimamia."

"Mimi, Shangazi?"

"Una mikono, au una cheti tu?"

Tumbo likajibu kabla yangu. Shangazi akalisikiliza, kisha akasema, "Hilo nalo lije, litusaidie kubeba ndoo."

Jumatano, 6 Machi

Nimepanga karatasi za ndege, za zamani nyuma, mpya mbele. Mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Mama ameletewa tarehe. Atapasuliwa mtoto wa jicho tarehe tano Aprili, katika hospitali iliyo upande wa pili wa mto. Daraja limeshafunikwa na maji. Shangazi amesema atampeleka mwenyewe kwa ndege.

"Wifi, mimi nipande kile kibiriti chako?" Mama akamwuliza.

"Kwani huoni, utaogopa nini?"

Walicheka mpaka wakashikana. Wako hivyo tangu nikiwa mdogo. Mgeni angedhani wanagombana. Mimi sikucheka. Shangazi na Mama katika chombo kimoja, angani, ni watu wangu wote.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimetoa wazo, na limekubaliwa. Sijazoea.

Nilimwambia Shangazi kwamba Fundi akija Jumatatu akakuta ndege chafu, ataanza kuosha, na tutalipia uoshaji kwa bei ya ufundi. Tuioshe sisi. "Umeanza kufikiri kama mfanyabiashara," akasema.

Banda la ndege linavuja mbele, palikuwa na dimbwi, kwa hiyo nilitandika mkeka nyuma ya mabawa nikajisukuma chini chali, ndoo kando. Nilisugua masizi, grisi na tope. Karibu na mahali bawa linapoungana na mwili wa ndege, mkono wangu wa kulia, palikuwa na doa la buluu kama kiganja. Lilikataa kutoka. Nami nikalikatalia. Nililirudia kwa sabuni na kitambaa kipya mpaka chuma kikaonyesha sura yangu.

Shangazi alikuja kukagua. Aliinama, magoti yakalia. "Inang'aa kama sahani ya mgeni." Nimerudi nyumbani na mgongo uliopinda na moyo mwepesi.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi hakuja. Barabara ya kwake imejaa maji.

Jumanne, 12 Machi

Fundi amekuja. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuimba kwa pua mpaka awashe tochi. Tochi ikiwaka hasemi na mtu. Alizunguka ndege mara moja.

"Nani kaosha?"

"Karani wangu," akasema Shangazi kwa majivuno.

"Aa. Mngenisubiri." Akatundika koti lake, akaanza kazi.

Nimekuwa nikiligeuza neno hilo kutwa nzima. Labda alitaka hela ya kuosha. Nilifungua vifuniko vya chini, skrubu za kila kifuniko nikazitia kwenye kikombe chake na kukiandika jina. Fundi alipoona vikombe alicheka kwa furaha. Lakini lile "mngenisubiri" halinitoki.

Ijumaa, 15 Machi

Tumetoa viti. Chini ya kiti cha rubani imeonekana miwani ya Shangazi iliyopotea mwaka juzi, ambayo alimwambia kila mtu kuwa Mama ameikalia. Nimemfikishia Mama habari. Jioni nzima amekaa mlangoni akimngoja wifi yake apite, kama askari.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimesema uongo.

Shangazi alinituma nimpelekee Fundi plagi mpya za injini. Ameziagiza mwenyewe kwa aina aliyotaka Fundi, kwa sababu mtu wa kati naye hula. Nilimkuta Fundi chini ya ndege ya mteja mwingine, chafu kama ng'ombe aliyetoka kulala topeni. Nikajifanya mchangamfu.

"Hii nayo ingeoshwa, Fundi."

"Thubutu! Nikimkuta mtu anaosha kabla sijaangalia, namfukuza na ndoo yake. Njoo." Akanivuta, akamulika. "Unaona weusi huu unaotoka kwenye ribiti, msumari huu unaoshika bati? Ribiti imelegea, inajisaga. Hii hapa oili. Na petroli ya ndege ina rangi ya buluu. Ikivuja hukauka ikaacha doa. Uchafu ni shahidi wangu. Hadanganyi, wala hadai nauli."

Tumbo lilinguruma, akadhani nina njaa, akanionyesha mahali pa mkate wake.

"Sasa wewe uliyeiosha ile ya shangazi yako Rubani," akasema, bado anaangalia juu, "uliona doa lolote la buluu?"

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Nafasi kubwa kabisa. Alikuwa amelala chali, hanitazami, sauti yake ya kawaida. Lakini nilimwona Shangazi akisema mfanyabiashara. Nikaona ukaguzi umerudi mwanzo, saa za Fundi zimeongezeka, na wazo pekee nililowahi kutoa ndilo lililoongeza bili badala ya kuipunguza. Nikaona mwisho wa miezi yangu ya majaribio.

"Sikuona," nikasema.

"Una hakika?"

"Ndiyo."

"Haya. Macho ya msomi. Nayaamini kuliko ya wifi yake Rubani." Akacheka utani wake mwenyewe.

Nilitembea kurudi ofisini bila mwavuli, na mwavuli ulikuwa mkononi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimekosea hesabu mara mbili.

Jumatano, 20 Machi

Fundi ametia sahihi. Matangi yote mawili yalikuwa na petroli kidogo, Shangazi hajazi kitu kinachokaa bure, na hakuna kilichoonekana kuvuja. Bili imekuwa ndogo kuliko miaka yote. Shangazi ameniita mbele ya wafanyakazi wa duka, akanishika bega.

"Mwezi huu ukiisha, huyu si wa majaribio tena."

Walipiga makofi. Nilisema asante. Nilitaka doa lile liwe la petroli iliyomwagika wakati wa kujaza. Linaweza kuwa hivyo. Kwa nini lisiwe hivyo?

Ijumaa, 22 Machi

Mvua, upepo pia. Nimepita bandani kwa kisingizio. Nimeinama chini ya bawa. Safi. Safi si habari njema wala mbaya. Nimeifanya mimi mwenyewe isiwe habari.

Jumapili, 24 Machi

Mama anapanga nguo. Anazitambua kwa vidole, anazikunja, anazikunjua, anauliza rangi. Anasema akifumbuliwa jicho hataki kujikuta amevaa gauni la njano, atafadhaika.

"Ndege imepona?" aliniuliza. Anaisema kama mgonjwa.

"Imepona, Mama."

"Wewe ndiye uliyeiuguza, basi siogopi."

Nilitoka nje kufunga bomba ambalo halikuwa wazi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimesema. Naandika ili nikumbuke ilivyokuwa, maana nimeshaanza kuikumbuka kwa upole kuliko ilivyostahili.

Nilibisha hodi kwa Shangazi asubuhi. Alikuwa anakunywa chai na kuhesabu chupa za dawa ya kupe. Nilitaka kuanza kwa utangulizi, nikajikuta nimesema moja kwa moja: "Nilipoosha ndege niliona doa la buluu. Nililisugua likatoka. Fundi aliponiuliza nilisema sikuona."

Aliweka kikombe chini. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Alikuuliza lini?"

"Jumatatu iliyopita."

"Kabla ya sahihi."

"Kabla, Shangazi."

"Na juzi mama yako alinitajia orodha ya nguo zake, wewe umekaa hapo hapo."

"Ndiyo."

Akachukua simu, akampigia Fundi. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi anyanyue sauti, na kila neno la kosa langu likasikika dukani. Mpima dawa wa dukani alichungulia, akarudisha kichwa.

Fundi alifika akiwa amelowa. Hakunisalimu. Alimwambia Shangazi ndege isiguswe, kwamba sahihi yake ameiondoa. Kisha akanigeukia.

"Unajua nimetia jina langu kwenye ile karatasi? Ndege ikianguka, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Nitasema nini? Karani alikuwa na haya?"

"Nisamehe, Fundi."

"Shahidi wangu umemuua, na ulipoulizwa ukasema hakuwahi kuzaliwa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Upande gani?"

Nilifumba macho, nikajiona chini ya ndege, ndoo, kitambaa, mkono. "Kulia."

"Tangi tupu halivujishi siri yake," akasema. "Tujaze yote mawili, tungoje."

"Kaona kulia," akasema Shangazi. "Jaza kulia. Likivuja tutalazimika kuyamwaga yote hayo. Sitamwaga mara mbili."

Fundi alinyanyua mabega. Nilitaka kusema tujaze yote. Lakini mimi ni nani wa kusema, leo?

Jumanne, 26 Machi

Tangi la kulia limejaa. Chini ya bawa, pakavu.

Jumatano, 27 Machi

Pakavu. Nimeenda mara nyingi mpaka mlinzi wa banda ameacha kuniuliza. Nanusa kama paka.

Alhamisi, 28 Machi

Pakavu kabisa. Shangazi amekuja mwenyewe, amepitisha kitambaa cheupe, kikatoka cheupe.

"Niambie kweli," akasema. "Uliona doa, au umeogopa mama yako apande ndege, ukatafuta doa?"

"Niliona."

"Baba yako naye alikuwa hivi. Mtoni hakuvuka mpaka maji yakauke. Tulimwimbia: kwa mwoga huenda kicheko." Hakuimalizia, upande wa pili wa methali ile ni kilio cha shujaa, na nadhani alimkumbuka mumewe. Akabadilisha: "Daktari hangoji. Alhamisi ijayo tunaruka. Fundi akikubali leo kurudisha sahihi, mimi nimemaliza."

Fundi amesema atakuja kesho mchana kuamua.

Nimeanza kujitilia shaka mwenyewe. Je, niliota? Mtu mwenye hofu huona mengi. Ingekuwa heri iwe hivyo. Lakini kidole changu kinakumbuka ukaidi wa lile doa.

Ijumaa, 29 Machi

Asubuhi Mama alilala kwenye mkeka nimtie matone ya kutayarisha jicho. Kawaida nachuchumaa miguuni pake. Leo meza ilikuwa imesogezwa, nikakaa kichwani. Nikanyanyua kichupa.

"Hilo silo, mwanangu. La kushoto."

"Si hili?"

"Umekaa kichwani. Unageuza mambo."

Nilibaki na kichupa hewani. Tone likamdondokea puani, akapiga chafya.

Nilitoka mbio bila kofia wala kumuaga. Mama ananiita nyuma, "Na jicho langu?" Bandani nilitandika mkeka pale pale, nyuma ya mabawa, kwa sababu ya dimbwi, nikajisukuma chali kama siku ile, kichwa kikielekea pua ya ndege. Nikanyoosha mkono wa kulia. Ukagusa bawa la kushoto.

Mtu aliyelala chali hivyo, kulia kwake ni kushoto kwa ndege. Nimefaulu mitihani ya jiometri. Nilipewa zawadi ya vitabu.

Fundi alinikuta chini. Nikamweleza nikiwa pale pale, nikimwonyesha mikono. Alilala kando yangu kwenye sakafu yenye maji, kichwa upande wangu, akanyoosha mkono wake. Kisha akaimba kwa pua kidogo.

"Rubani alibana petroli," akasema. "Na mimi nikamwachia abane. Tuko watatu."

Shangazi alipigiwa simu, akaelezwa yote. Kisha akasema, "Jaza."

Jumamosi, 30 Machi

Doa limerudi. Dogo, la buluu, lenye unyevu katikati. Linanuka.

Sikufurahi. Nilikaa kwenye ndoo. Ningekuwa nimenyamaza hadi Alhamisi, matangi haya yangejazwa kwa safari, na Mama angekaa upande huo, akiuliza harufu hii ni ya nini.

Fundi alifungua kifuniko cha ndani, akamulika. Mshono wa tangi umepasuka kwa juu, ndiyo maana lilikuwa halivuji likiwa na petroli kidogo. Mvuke ulikuwa unaingia chini ya viti. Alinuna. "Cheche moja tu," akasema, akazima tochi.

Shangazi alisimama mlangoni na mwavuli wake, maji yakimchuruzika viatuni. Nilimwona ghafla kama mwanamke mzee. Alikuja, akagusa doa kwa ncha ya kidole, akalinusa.

"Mimi hubana skrubu," akasema. "Hubana karatasi, sabuni, mtu wa kati. Petroli ya kupima, nayo nikaibana. Hilo ni langu." Kisha akanigeukia: "Lile la kumdanganya Fundi ni lako. Usitafute tugawane."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Na miezi ya majaribio inaanza upya."

Jumanne, 2 Aprili

Nafungua tangi. Lina skrubu pande zote, nyingine zimeshika kutu, na Fundi amesema atanisimamia ila hatanishikia bisibisi. Saa za kufungua hazimo kwenye bili. Nimechubuka vidole. Nimeviandika vikombe.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa tarehe ya Mama. Amekaa dirishani akiwa amevaa gauni asilojua ni la kijani, akisikiliza mvua. Nilimweleza kila kitu wiki iliyopita. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ningekufa, ungemwambia nani ukweli?" Tangu siku hiyo ndilo swali ninaloliamkia.

Daktari ametoa tarehe nyingine, mwezi huu huu. Shangazi ndiye aliyemsihi kwenye simu. Sijawahi kumsikia akimsihi mtu.

Jumatano, 10 Aprili

Tangi limezibwa na kupimwa kwa hewa. Limerudi mahali pake. Matangi yote mawili yamejazwa; kushoto, kulia, nimeandika kwa chaki sakafuni, na pua imeandikwa PUA. Fundi ameiona, ametikisa kichwa, hajaifuta.

Ijumaa, 12 Aprili

Pakavu.

Jumatatu, 15 Aprili

Pakavu pande zote. Fundi ametia sahihi tena. Kabla ya kutia aliniuliza, "Kuna chochote ulichoona?" Nikafikiri kwa uaminifu. "Kuna skrubu moja ya kifuniko cha nyuma ilikuwa imechoka, nikaitupa, nikaweka mpya bila kukuambia." Akaenda akaiangalia. Akarudi akasaini.

Alhamisi, 18 Aprili

Wameondoka. Mawingu yalikuwa juu kidogo, Shangazi aliyatazama tangu alfajiri. Mama alipandishwa akishika ukingo wa mlango, akasema kwa sauti, "Wifi, miwani unayo? Nisije nikaikalia."

"Kaa kimya, nisije nikakushusha njiani."

Injini iliwaka. Niliangalia mpaka hakuna cha kuangalia, kisha nikaendelea. Fundi alikuwa kando yangu, hakuimba.

Saa ile ambayo walipaswa kufika ilipita. Simu ilikuja baadaye: wamefika, walizunguka wingu. Nilikula mkate wa Fundi wote.

Jumamosi, 20 Aprili

Jicho limepasuliwa. Salama. Mvua imepungua.

Jumatatu, 22 Aprili

Sina la kufanya, na siwezi kukaa.

Jumatano, 24 Aprili

Wamerudi mchana. Nilikuwa na shati jeupe, nilitaka kuwapokea kama karani mwenye adabu. Ndege ilitua, ikaruka kidogo, ikatulia, ikaja mpaka mbele ya banda, injini ikazimwa.

Nilipaswa kufungua mlango, kumshika Mama mkono, kumpa Shangazi shikamoo. Badala yake nilijikuta chini. Hakukuwa na mkeka. Nililala kwenye zege lenye maji, chali, nikanyoosha mkono kwenye bawa la kushoto. Nikapitisha vidole kwenye mshono. Nikanusa. Kukavu. Nikapitisha tena. Upande wa pili nao. Kukavu. Juu yangu chuma kilikuwa kinatoa joto na milio midogo, kikipoa.

Nikasikia viatu vya Shangazi vikishuka, kisha vya Mama, taratibu, bila mtu wa kumwongoza.

"Wifi, nani huyo kalala majini na shati jeupe?"

"Karani wangu."

"Ameanguka?"

"Anafanya kazi. Mwache."

Nilitaka kutoka, mikono ikakataa kuacha mshono. Nikauona uso wa Mama ukishuka, kichwa chini miguu juu, jicho moja chini ya bandeji aliyokwisha kuisogeza achungulie, la pili bado la ukungu. Akainyanyua zaidi kwa kidole kimoja, kinyume na amri ya daktari, akanitazama, akanitazama sana.

"Toka huko chini," akasema. "Toka nikuone."